Kukata Bodi za Saketi Nyumbani: Vifaa Vinavyofaa na Namna ya Kuvitumia

Anayetengeneza bodi zake za saketi nyumbani huanza kwa kununua bamba zima lililopakwa shaba, kisha hukabiliwa na kazi ambayo miongozo mingi huipita kwa sentensi moja: kulikata bamba hilo hadi lifikie kipimo cha kisanduku kinacholingoja. Mambo mengi yanayofuata huamuliwa hapo. Ukingo wa shaba ulioinuka hata kwa unene wa karatasi huzuia karatasi ya tona, ile iliyochapwa mchoro wa saketi kwa printa ya leza ili pasi ya moto iuhamishie kwenye shaba, isilale sawasawa pasi inapopita, na pale pembeni njia za shaba hutoka zimekatika. Bodi iliyokwenda upande haikai kwenye skurubu zake. Bamba lililopasuka ndani hunyonya unyevu, na katika hewa ya Mombasa, ambayo ina unyevu na chumvi ya bahari mwaka mzima, haupiti muda mrefu kabla ya kutu ya kijani kuonekana kando ya njia zilizo karibu na ufa huo.

Kwa mtu anayefanya kazi hii sebuleni au barazani, naamini kwamba kisu cha kukwaruzia, rula ya chuma, msumeno wa chuma wenye meno madogo na tupa laini vitamfikisha mbali kuliko mashine nyingi za bei ghali. Mashine zina nafasi yake, nami nitazieleza, lakini nyingi huongeza vumbi kuliko zinavyoongeza usahihi.

Lijue bamba kabla ya kuchagua kifaa

Mabamba yanayouzwa kwa mafundi wa elektroniki ni ya aina mbili kuu, na kifaa kinachoifaa moja huweza kuiharibu nyingine. La kwanza ni FR-4, ambalo ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa ndani ya epoksi. Ukiliinua kuelekea dirishani upande usio na shaba, utaona rangi ya kijani hafifu au manjano inayopitisha mwanga, na ukitazama kwa makini utaona mfumo wa nyuzi zilizofumwa. La pili ni FR-2, ambalo limetengenezwa kwa karatasi iliyoloweshwa resini ya fenoli. Ni la kahawia, halipitishi mwanga, na likikatwa hutoa harufu kali inayofanana na ya vifuniko vya soketi za zamani. Lipo pia CEM-1, lenye rangi ya maziwa, ambalo ndani lina karatasi na juu lina kitambaa cha kioo. Kwa kazi ya kukata, litendee kama FR-4 lakini kwa nguvu ndogo.

Unene wa kawaida ni milimita 1.6, ingawa ya milimita 0.8 pia hupatikana, na tabaka la shaba kwa kawaida lina unene wa mikromita 35 tu. Katika FR-4, shaba hukatika kwa urahisi na haisumbui kifaa chochote. Kinachokula makali ni kioo. Chuma cha kawaida, hata kile kigumu kinachotumiwa kwa vijiti vya kekee, hupoteza makali yake haraka kikisuguana na nyuzi za kioo, na ndiyo sababu vifaa vyenye ncha ya kabaidi ya tungsteni au vilivyopakwa chembe za almasi hudumu zaidi. FR-2 haina tatizo hilo. Tatizo lake ni kwamba ni kavu na huvunjika vipande vipande pembeni, hasa likikatwa likiwa baridi.

Kupima na kuchora

Pima ndani ya kisanduku chenyewe, wala usitegemee vipimo vilivyochapishwa juu ya boksi lake, kwa kuwa kuta za plastiki mara nyingi huwa nene chini kuliko juu. Toa nusu milimita kila upande ili bodi iingie bila kulazimishwa. Kisha kumbuka kwamba kila kifaa hula sehemu ya bamba: msumeno wa chuma hula karibu milimita moja, diski ya kukatia vigae hula milimita mbili hivi, ilhali kisu cha kukwaruzia karibu hakipotezi kitu. Kwa sababu hiyo, unapochora bodi kadhaa juu ya bamba moja, weka mistari miwili kati ya bodi na bodi, yenye nafasi ya milimita tatu, ili msumeno upite katikati na ubakishe cha kupigwa tupa.

Iwapo bodi ni ndogo, kwa mfano zile za mraba wa sentimita tatu ambazo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa huko Tudor huzihitaji kwa mradi wake, ni heri kuzichapa zote kwenye kipande kimoja, kuzitia kwenye dawa inayokula shaba isiyofunikwa na tona, kuzitoboa matundu, na kuzitenganisha mwishoni. Kipande kikubwa hushikika vizuri zaidi kwenye kekee, na kingo za nje zikiharibika kidogo haidhuru, kwa kuwa zitakatwa. Kwa bodi moja kubwa, kata kwanza ukiacha ziada ya milimita tatu hadi tano kila upande, lainisha kingo, kisha ndipo upige pasi.

Kukwaruza na kuvunja

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mkato wowote ulionyooka. Kifaa chake ni kisu chenye ncha ya ndoana ambacho huvutwa kuelekea kwako na kuchimba mfuo, kile kile ambacho maseremala hukitumia kukatia fomaika ya kubandika juu ya meza za jikoni. Undugu huo si wa bahati tu, kwani fomaika na FR-2 zote ni karatasi iliyogandishwa kwa resini. Formica yenyewe ilibuniwa nchini Marekani mwaka 1912 ili iwe kihami cha umeme. Ukimwona seremala anavyokata karatasi yake kubwa ya fomaika kwa rula na kisu, umeona karibu nusu ya kazi hii.

Kisu chenye ncha ya kabaidi ndicho bora kwa FR-4. Ukikikosa, unaweza kutengeneza chako kutokana na bledi kuukuu ya msumeno wa chuma. Ibane kwenye jiriwa, ifunike kwa kitambaa kizito na uivunje, kisha unoe ncha yake kwenye jiwe la kunolea hadi iwe na mdomo wa ndoana unaoelekea kwako, wenye upana usiozidi milimita moja. Ichovye majini kila baada ya sekunde chache ili isigeuke rangi ya buluu, kwa maana bledi ya chuma cha kaboni ikifikia rangi hiyo, ugumu wake umekwisha kupungua. Zungushia tepu ya umeme upande wa kushikia. Kisu hiki kitahitaji kunolewa mara kwa mara, lakini hakigharimu kitu.

Lilaze bamba juu ya ubao ulionyooka, weka rula ya chuma juu ya mstari, na uibane rula kwa klempu mbili, kwa sababu rula inayoshikiliwa kwa mkono mmoja husogea pale pale unapoongeza nguvu. Mvuto wa kwanza uwe mwepesi kabisa, wa kuchora tu. Kazi yake ni kuweka njia ambayo mivuto mingine itaifuata. Wa pili na wa tatu utakata shaba, nawe utaona uzi mwembamba wa rangi nyekundu ukijikunja mbele ya ncha. Baada ya hapo rangi ya vumbi hubadilika ikawa nyeupe au kahawia, na sauti pia hubadilika kutoka mlio wa chuma hadi mkwaruzo mkavu, dalili kwamba umeingia kwenye bamba lenyewe. Endelea hadi mfuo ufikie karibu theluthi moja ya unene. Vuta kisu hadi mwisho wa bamba kila mara, kwa kuwa sehemu iliyoachwa bila kukwaruzwa pembeni ndiyo itakayopasuka ovyo.

Sasa bebesha mstari upande wa pili kwa kutumia skwea, ukiupitisha juu ya ukingo wa bamba, na ukwaruze upande huo kwa kina kile kile. Wengi huuacha upande wa pili kwa kudhani kwamba mfuo mmoja unatosha. Kwa FR-2 huenda ukatosha, lakini nyuzi za FR-4 zilizosalia chini huchanika na kuacha ukingo wenye manyoya. Bamba la milimita 1.6 likiwa na mifuo miwili hubakiwa na takriban nusu milimita tu katikati. Liweke ukingoni mwa meza, mfuo ukiwa sawa na ukingo, kandamiza kwa ubao sehemu iliyo juu ya meza, kisha sukuma chini sehemu inayoning'inia kwa mwendo mmoja wa haraka. Kipande chembamba kisichofika sentimita moja hakivunjiki vizuri kwa vidole. Kibane kati ya mbao mbili kwenye jiriwa, urefu wake wote, ndipo ukivunje.

Msumeno wa chuma

Hekso hupatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na kwa mikato mifupi au bamba nene hufaa sana, ilimradi bledi iwe na meno 32 kwa kila inchi. Bledi ya meno 18, ambayo wauzaji hupenda kuitoa kwa kuwa ndiyo ya kukatia mabomba, huling'ata bamba na kulitikisa. Hata kwa meno 32, umbali kati ya jino na jino ni karibu milimita 0.8, kwa hiyo ukikata ukiwa umeusimamisha msumeno wima juu ya bamba la milimita 1.6, ni meno mawili tu yanayogusa kwa wakati mmoja. Ulaze msumeno hadi pembe yake na bamba iwe nyuzi 30 hivi, na meno yanayogusa yatakuwa manne. Mwendo utakuwa laini na ukingo utatoka safi.

Upande wa shaba uelekee juu, ili meno yaingie kupitia shaba na kuikandamiza kwenye bamba badala ya kuibandua. Kwa msumeno wa umeme wa kukatia mapindo, ambao meno yake hukata yakipanda, geuza: shaba iwe chini. Libane bamba kati ya vipande viwili vya mbao, mstari wa kukatia ukiwa karibu na mdomo wa jiriwa, maana bamba linalotikisika hupasuka tabaka kwa tabaka. Unapokaribia mwisho, punguza nguvu na ushikilie kipande kinachoanguka.

Kwa bamba la FR-4 unaweza kulowesha mstari kwa maji kidogo ili vumbi lishikamane. Usitumie mafuta ya aina yoyote, hata ya nazi, kwa sababu alama ndogo ya mafuta juu ya shaba huifanya tona isishike, na dawa nayo hula bila mpangilio.

Kwa mapindo, matundu ya mraba na nafasi za swichi, tafuta msumeno wa sonara, ule wenye fremu ndogo na bledi nyembamba kama uzi. Toboa tundu, pitisha bledi, ifunge na ukate, meno yakielekea kwenye mpini ili ikate inapovutwa. Kioo huzimaliza bledi hizo haraka, kwa hiyo nunua pakiti na si moja.

Mkasi wa bati na mashine ya kukatia mabati

Mkasi wa bati wa mkononi hufaa kwa mabamba ya milimita 0.8 pekee. Kwa ya milimita 1.6 huyapinda, na FR-4 hugeuka nyeupe kando ya mkato kwa sababu epoksi imeachana na nyuzi. FR-2 hupasuka moja kwa moja.

Mashine ya kukatia mabati, ile yenye kisu kirefu kinachoshuka, ni jambo jingine. Hukata FR-4 kwa pigo moja, bila vumbi karibu lolote, na kwa mtu mwenye mabamba mengi hakuna kinachoishinda. Karakana za jua kali zinazotengeneza masanduku ya bati hazikosi kifaa cha namna hii, na fundi atakukatia kwa malipo madogo. Ni uungwana kumwambia mapema: "Fundi, hili si bati tupu, ndani yake kuna kioo," kwa kuwa makali ni mali yake na kioo huyachosha. Mwombe ajaribu kwanza kwa kipande cha kutupa. Kama mkato umeinama au umeacha mstari mweupe mpana, nafasi kati ya visu vyake ni kubwa mno kwa bamba lako. Hata mkato mzuri huacha weupe mwembamba pembeni, kwa hiyo njia za shaba zikae milimita mbili au tatu kutoka ukingoni. FR-2 ikatwe ikiwa na joto. Kuiacha juani adhuhuri kabla ya kuikata hupunguza kupasuka.

Mashine zinazozunguka

Kifaa kidogo cha kuzungusha chenye diski ya almasi hukata vizuri, lakini hugeuza bamba kuwa vumbi jepesi linaloelea. Diski nyembamba za jiwe huvunjika zikipinda, na vipande vyake huruka. Usizitumie bila miwani. Grainda ya ujenzi, yenye diski ya milimita 115 inayozunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, haifai kabisa kwa kazi hii: huunguza epoksi na ni vigumu kuiongoza.

Mashine ya fundi wa vigae, yenye diski ya almasi inayopita ndani ya maji, ndiyo mashine pekee ya kuzunguka ninayoipenda kwa FR-4, kwa kuwa maji hushika vumbi lote. Kwa FR-2 usiitumie, maana karatasi hunyonya maji na kuvimba. Kwa kuwa umeme wetu ni wa volti 240 na hapa kuna maji mezani, mashine iunganishwe kupitia swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Leza za kukatia mbao na plastiki haziiwezi FR-4. Shaba huakisi mwale na epoksi hugeuka makaa.

Vumbi

Vumbi la FR-4 ni vipande vidogo vya kioo. Huwasha ngozi, huchoma macho na hudhuru njia ya hewa. Vaa barakoa ya daraja la N95 au FFP2 inayobana usoni. Leso iliyofungwa puani haichuji chembe hizo. Fanyia kazi barazani alasiri, upepo wa bahari ukitokea ubavuni mwako na kulipeleka vumbi mbali na nyumba, na uzime feni, ijapokuwa joto ni kali. Usipulize vumbi kwa mdomo wala usilifagie likiwa kavu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukitupe. Osha mikono kwa maji baridi kwanza bila kusugua, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Vipande vilivyosalia visichomwe pamoja na taka za uani, kwa kuwa epoksi ya FR-4 kwa kawaida ina bromini ya kuzuia moto, na ikiungua hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kulainisha kingo na kukagua

Tandaza msasa wa namba 220 juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ulowanishe, na upitishe ukingo wa bodi ukiwa wima, kwa mwendo mrefu. Kisha rudia kwa namba 400. Pale penye kimo kikubwa cha kuondoa, tumia tupa laini kwanza, ukiisukuma kutoka upande wa shaba kuelekea upande wa bamba. Usiirudishe ikiwa inagusa, kwani ni katika kurudi ndipo huinua shaba. Ondoa ncha kali ya pembe zote nne kwa mipigo michache. Pitisha kucha juu ya ukingo kutoka katikati ya bodi kuelekea nje: ikikwama popote, bado shaba imeinuka, na karatasi ya tona itakwama hapo hapo.

Osha bodi kwa sabuni, ikaushe, na isugue shaba dakika chache tu kabla ya kupiga pasi, si jana yake, kwa sababu katika unyevu wa pwani shaba iliyosuguliwa hufifia upesi na alama za vidole huganda juu yake. Kama bodi imekatwa baada ya kutiwa dawa, ikague kingo zake kwa kioo cha kukuza na mwanga wa ubavuni. Vinyuzi vya shaba vilivyolala kati ya njia mbili huonekana kama nywele zinazong'aa. Viondoe kwa ncha ya kisu, kisha upime kwa multimita kama njia ya umeme na ya ardhi hazijagusana kabla ya kulehemu kitu chochote.

Bledi, visu na tupa vifutwe vumbi, vipakwe mafuta mepesi ya cherehani na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, la sivyo chumvi ya hewani itavila. Siku ya kuvitumia tena, vifute kwa spiriti hadi kitambaa kitoke kikavu na safi, ili mafuta hayo yasifike kwenye shaba.